Lobi Bila Kitenzi

Kwenye kampasi yetu ndogo ya Likasi, ubao wa matangazo uliitwa valve. Neno hilo tulilirithi kwa walimu Wabelgiji, ambao waliondoka mmoja mmoja na kuliacha ukutani. Kaka yangu, niliyemwita yaya kama sisi wa Katanga tunavyowaita wakubwa wetu, alikuwa fundi wa mabomba kwenye kiwanda cha kampuni ya migodi. Kwake yeye valve ilikuwa kile kidude cha kuzuia hewa kwenye gurudumu la baiskeli. Jioni alipokuja kusoma masomo yake, alisimama mbele ya ubao wangu na suruali yake ya kazi, iliyotobolewa matundu madogo na asidi, akanichokoza.

"Mudogo, valve yenu hii haifungake kitu. Inavuja tu."

Nasema ubao wangu kwa sababu ni mimi niliyeuandika. Nilikuwa mwaka wa pili, sehemu ya mchana, na masista walionifundisha shule ya msingi walikuwa wamenipiga vidole kwa rula mpaka mwandiko ukanyooka. Katibu wa masomo alipoiona karatasi yangu ya mtihani hakuangalia majibu. Aliniambia, "Mama, mukono huu utatusaidia," na tangu wiki ile ufunguo wa kile kioo kilichofunika ubao ulikaa mfukoni mwangu.

Ubao ulikuwa na pande mbili. Kushoto paliandikwa kwa Kifaransa "À venir," yaani mambo yatakayokuja: mechi na wanafunzi wa uuguzi, misa ya wanafunzi, salongo ya Jumamosi ambapo sote tulishika mapanga na kufyeka nyasi bila malipo, mazungumzo juu ya malaria, sinema ikiwa mashine itakubali. Kulia paliandikwa "Réalisé," mambo yaliyokwisha kufanyika. Upande huo wa kulia uliongezwa baadaye, Chama, kile kimoja tu kilichoruhusiwa nchini, kilipoanza kudai ripoti. Kila kilichotajwa kuwa kitafanyika kilipaswa kuonekana siku moja upande wa pili kuwa kimefanyika, na mtu fulani, sikuwahi kumwona, alikuwa akihesabu.

Chini ya kila tangazo la kushoto niliandika maneno mawili, "sauf imprévu." Maana yake ni kwamba jambo litafanyika isipokuwa kitokee kitu kisichotarajiwa. Wanafunzi wapya walinicheka kwa kuyarudia kila mahali. Lakini ukitaka kuielewa miaka ile, shikilia maneno hayo mawili. Kisichotarajiwa kilikuja karibu kila wiki. Mkubwa fulani wa Kinshasa atapita, basi mechi inasogezwa. Mkubwa hakupita, basi mechi inarudi, lakini goli limekwisha kung'olewa ili kutengeneza jukwaa. Hakuna aliyesoma valve akiwa ametulia. Watu walisoma wamesimama mguu mmoja mbele, mkoba begani, kama walioambiwa treni iko tayari. Mimi pia nilikuwa hivyo. Nilikuwa nikitoka darasani mara tatu kwa saa moja kwenda kuangalia kama kioo bado kimefungwa na kama karatasi zangu bado zinasema nilichokisema asubuhi.

Wiki ninayotaka kuisimulia, tangazo moja la kushoto lilikuwa la nyumba yetu. Yaya alikuwa atetee andiko lake la mwisho, kile tulichokiita défense, Alhamisi saa nne asubuhi, kwenye ukumbi mkubwa.

Ilikuwa hivi. Yaya alisoma sehemu ya jioni kwa miaka mitano, akitoka kazini na kuja darasani, na wiki za zamu ya usiku akitoka darasani na kwenda kazini. Kiwandani nafasi ya msimamizi wa mabomba ilikuwa wazi, na ilihitaji diploma. Shefu wake alimpa asubuhi moja ya ruhusa. Moja tu, mpaka saa nane mchana, king'ora kinapolia na zamu ya pili inaingia. Mmoja wa maprofesa watatu wa kumsikiliza alitoka Lubumbashi kwa treni na alikuwa arudi siku ileile. Ikishindikana Alhamisi, kikao kingine kingekuwa baada ya mwaka, na mwaka mzima nafasi isingemngoja. Baba yetu, naye fundi wa mabomba, alikuwa ameshalala makaburini tangu siku nyingi, mama alikuwa amechoka, na wadogo wanne walikula kwa mshahara wa yaya.

Sheria ya défense ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuizunguka. Ilipaswa kutangazwa kwenye valve siku mbili kabla, yenye muhuri, ikitaja siku, saa na mahali. Na ilipaswa kufanyika mahali hapohapo, mlango wazi, mtu yeyote aweze kuingia na kusikiliza. Ikifanyika mahali pengine, haikufanyika.

Jumatatu niliweka tangazo lake. Jioni alikuja kuliangalia.

"Iko na kashe?"

"Iko nayo, yaya. Angalia, haya mawino ya bluu."

Aligusa kioo mahali muhuri ulipokuwa. "Sasa toa yale maneno yako ya imprévu."

"Siwezi. Ninayaandikaka kwa bantu bote."

"Mi haiko bantu bote. Mi niko yaya yako."

Tulicheka, lakini sikuyatoa.

Jumatano kabla ya adhuhuri, mjumbe wa vijana wa Chama kwenye kampasi aliniletea karatasi. Alikuwa mwanafunzi kama sisi, mtu wa Kasai, lakini alikuwa amekaa Kinshasa miezi minane kwa mafunzo na kurudi na koti la abakosti, lile lisilo na tai walilovaa watu wa Chama, na Kilingala. Kilingala kilikuwa lugha ya jeshi, ya redio na ya nyimbo za kumsifu Rais. Sisi wa Likasi tulikisikia kila siku na kukijua vipande vipande, kila mtu vipande vyake. Karatasi ilisema: "Animation — grande salle — lobi, 9 h." Animation ni zile ngoma na nyimbo za Chama, grande salle ni ukumbi mkubwa, na 9 h ni saa tatu asubuhi. Alinipa, akasema "Bandika, citoyenne," yaani raia, kama Chama kilivyotaka tuitane, akaenda zake kwa haraka, maana naye alikuwa na watu wa kumwambia haraka.

Sasa nikueleze lobi nililolijua mimi. Karibu na nyumba yetu kulikuwa na mke wa askari aliyekaanga mikate, yale maandazi madogo ya duara. Asubuhi alikuwa na mabeseni mawili. Moja lilikuwa na mikate ya moto, na jingine na mikate iliyolala. Akilionyesha lile la pili alisema, "Oyo ya lobi," na bei ikashuka. Nilinunua mikate ya lobi utoto wangu wote. Kwa hiyo kwangu lobi ilikuwa jana, tena jana yenye ladha ya mafuta yaliyoganda.

Na jana yake, Jumanne, wachezaji walikuwa kweli wamefanya mazoezi kwenye ukumbi mkubwa, saa tatu. Niliwasikia nikiwa darasani. Basi nilifikiri mjumbe anataka ripoti yake ionekane. Niliinakili kwa mwandiko wangu mzuri, nikaenda kupiga muhuri kwa karani, nikafungua kioo, nikaibandika upande wa kulia, "Réalisé." Nikafunga. Nilijisikia mtu aliyefanya kazi yake vizuri.

Mtu aliyezaliwa na Kilingala angejua kwamba lobi ni jana na pia ni kesho. Ni siku iliyo jirani na leo, upande wowote. Kitenzi ndicho kinachokuambia uangalie mbele au nyuma. Na ile karatasi haikuwa na kitenzi.

Alhamisi niliamka kabla ya jogoo wa jirani. Yaya alikuwa amekwisha kuvaa abakosti ya kuazima, mabega mapana kuliko yake, na alikuwa akizunguka meza akisoma kwa sauti ya chini. Mama alimwekea uji. Hakukaa. Aliunywa akizunguka, akamwagia kidogo ukurasa wa tatu, akaukausha kwa kiwiko. Tulishuka kwa baiskeli, mimi nimekaa nyuma na andiko lake nimelikumbatia. Jakaranda zilikuwa zimeangusha maua barabarani, na gurudumu likateleza mara mbili, na mara zote mbili alisema, "Shika ile kitabu, usishike minye."

Tulizisikia ngoma kabla ya kufika getini.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Labda watu sitini, wanafunzi na wake za wafanyakazi wa kampuni, wamevaa vitenge vyenye uso wa Rais, wamepanga mistari, wanacheza na kuimba. Mjumbe alikuwa mbele na filimbi. Mkubwa wa Kinshasa alikuwa aje Jumamosi, safari hii kweli. Kwenye ngazi walikuwa wamesimama maprofesa watatu, na yule wa Lubumbashi alikuwa ameshika saa yake mkononi.

Nilijua mara moja. Sijui mwili unajuaje kabla ya kichwa, lakini nilishuka kwenye baiskeli ingali inakwenda, nikakimbilia valve, nikasoma upande wa kulia karatasi yangu mwenyewe, nzuri, imenyooka, yenye muhuri; ningeiweka kushoto, mgongano ungeonekana tangu Jumatano. Miguu ikawa haina raha. Nilikuwa nikisimama na kuondoka na kurudi palepale.

Mjumbe alitoka akiwa na jasho. Alikuwa ameshaambiwa kwamba watu wa défense wanadai ukumbi, na alikuja kuonyesha tangazo lake. Alilitafuta kushoto. Hakuliona. Akaliona kulia.

"Nani aliweka animation yetu mu mambo ilishapita?"

"Ni minye, citoyen."

"Juu ya nini? Uliona tulishacheza? Unataka waseme Chama haina kazi Jumamosi? Unajua vile banaitaka hii? Banaitaka sabotage."

Neno hilo, yaani hujuma, miaka ile halikuwa la mzaha. Wanafunzi waliokuwa karibu walikumbuka ghafla kwamba wana masomo. Yaya alisimama nyuma yangu, nikaisikia pumzi yake.

Katibu wa masomo alifika akitembea polepole. Alikuwa mtu mnene wa kutoka mtoni huko juu, mkoa wa mbali, na alikuwa amekaa Likasi miaka mingi bila kuacha kulalamika baridi yetu ya Juni. Aliniuliza mbele ya wote, kwa upole, "Mama, weye uliona lobi ni nini?"

"Jana, Papa. Niliwaza ni jana." Na nikamweleza mikate. Sikujua ni kwa nini ninaeleza mikate, lakini nilieleza yote, hadi beseni.

Alisikiliza bila kucheka. Halafu akaomba karatasi ya kwanza, ile ya mkono wa mjumbe. Nilikuwa nayo, kwa sababu sikuwahi kutupa karatasi. Aliisoma, akaigeuza, akatazama nyuma kama kuna kitu kimebaki huko.

"Citoyen, kitenzi iko wapi?"

"Kitenzi gani?"

"Lobi mulicheza, ao lobi mutacheza? Kilingala ni luga ya mama yangu. Lobi peke yake haitembeake. Huyu mutoto alisoma vile iliandikwa. Na weye uliandika vile ulifunzwa. Sasa niandikie Kinshasa nani alikosea?"

Mjumbe angesema nini? Aseme kwamba Kilingala chake kina upungufu, au kwamba lugha ya Rais ina neno lisilojua njia? Alipangusa jasho kwa kitambaa, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa na umri wangu na kwamba naye alikuwa na wa kumwogopa.

"Basi bahamie darasani," alisema.

"Valve inasema salle," alijibu profesa wa Lubumbashi kutoka ngazini. "Mahali pengine siweki sahihi. Na treni yangu ni saa nane kasoro."

Saa ilikuwa imekaribia tano. Yaya alikuwa ameanza kuzunguka tena, duara dogo, kama kule nyumbani kwenye meza. Nilihesabu kichwani: nusu saa ya baiskeli mpaka kiwandani, saa moja na nusu ya défense, na sisi bado tunabishana. Nilimwambia, "Yaya, nisamehe." Alinipita, akaingia ukumbini, akasimama kati ya mistari ya wachezaji na abakosti yake ya mabega ya mtu mwingine.

"Bamama, musamaha. Minye njo ule wa défense. Sikuje kuwafukuza. Ninaomba tu mahali ya kusimama."

Mama mmoja wa mstari wa mbele, mwenye mwili, alikuwa akijipepea kwa kanga ya kichwani. Alimtazama toka juu mpaka chini. "Haiko mutoto wa marehemu wa mabomba, ule wa nyumba ya pili kutoka kisima? Angalia vile alikonda." Akawageukia wenzake. "Miye miguu yangu ilishakufa. Tukae. Tutamusikia."

"Mama, tuko na programu," alisema mjumbe.

"Programu, tutaicheza. Weye, puliza ile filimbi ya kupumzika."

Hakuna filimbi ya kupumzika katika ngoma za Chama. Lakini akina mama walikuwa wamekwisha kukaa, wamenyoosha miguu sakafuni, na mtu hawezi kuchezesha mistari ya watu waliokaa. Mjumbe aliniambia kwa sauti ya chini niandike, kwa ajili ya ripoti yake, kwamba animation na défense zilifanyika pamoja. Nikaandika, na safari hii niliweka kitenzi.

Yaya alitetea andiko lake mbele ya maprofesa watatu na vitenge sitini. Lilihusu mabomba yanayopitisha asidi na namna yanavyoliwa kutoka ndani. Dakika za kwanza sauti yake haikufika mbali. Halafu alipojibu swali la kwanza, akina mama walipiga makofi, na kwa kuwa makofi waliyoyazoea yalikuwa ya Chama, walipiga kwa mdundo ule, tatu kwa mbili, sauti moja. Profesa wa Lubumbashi alikunja uso. Baada ya swali la pili walipiga tena. Baada ya la tatu nilimwona profesa akisubiri makofi kwanza ndipo aendelee.

Aliuliza bomba linaanza kutoboka wapi. Yaya alijibu, kwenye kona, pale asidi inapobadilisha njia, na akachora ubaoni.

"Njo pale!" yule mama wa mbele alipaza sauti. "Bwana yangu anasimamaka pale pa kona. Kila mwezi suruali mupya!"

Ukumbi ulicheka. Profesa hakucheka. Alimwuliza, kwa adabu kabisa, ni kona ya upande gani, na matundu ya suruali yako mguu wa kulia au wa kushoto. Mama akaeleza, na wengine wawili wakaongeza za waume zao, na profesa akayaandika yote. Kisha akamwambia yaya, "Citoyen, andiko yako iko na bashahidi."

Walipotoka kwenda kukubaliana ilikuwa saa saba na robo. Tulisubiri tukiangalia mlango. Saa saba na nusu ilifika, na mlango ulikuwa umefungwa bado. Yaya alivua koti la abakosti, akanipa, akapanda baiskeli na shati lake.

"Utaniambia," alisema, akaondoka. Ngoma zikaanza tena nyuma yetu.

Walitoka dakika kumi baadaye, yule wa Lubumbashi akiwa na mkoba tayari mkononi. Distinction, yaani amefaulu kwa heshima. Proclamation, kutangazwa rasmi mbele ya kampasi nzima, kungekuwa kesho yake, Ijumaa, saa nne. Niliandika karatasi mbili. Moja niliiweka kwenye valve, upande wa kushoto. Ya pili niliikunja nikakimbia nayo kwa miguu mpaka kwenye geti la kiwanda, huku king'ora kikilia nikiwa bado njiani. Mlinzi alinizuia kwa mkono.

"Mama, hapa hapana kuingia."

"Sitaki kuingia, Papa. Karatasi tu iingie."

Aliitazama, labda akitafuta siasa ndani yake. Ilikuwa imeandikwa: "Yaya: distinction. Proclamation lobi, saa ine." Niliweka lobi kwa makusudi, bila kitenzi. Nilitaka acheke mahali ambapo sitamwona akicheka.

Nilingoja kando ya ukuta, nikitembea kutoka kivuli cha nguzo moja hadi nguzo nyingine. Baada ya muda mrefu mlinzi alirudi na karatasi ileile, sasa ina alama ya kidole cha mafuta. Chini ya mwandiko wangu ulionyooka, yaya alikuwa ameandika kwa penseli ya kuchorea vyuma:

"Kama ni lobi ya mbele, niko kazini, wewe simama kwa jina langu. Kama ni lobi ya nyuma, nilikuwa pale."

Ijumaa saa nne walipoliita jina lake, nilisimama.